X Nyekundu Ukutani kwa Acen

Wewe unayejua kusoma, uliiona. Usiniambie hukuiona. Ilikuwa nyekundu, kubwa kama mtu aliyetanua mikono na miguu, na ilikuwa ukutani, upande wa barabara. Ulipita pale bondeni chini ya Nakawa, Kampala, asubuhi ukienda kazini. Ukapita tena jioni ukirudi. Maana yake uliijua. Ukatazama simu yako.

Basi leo hupiti. Kaa hapo, usikilize habari za mwenye ukuta.

Jina lake Acen. Ni mjane. Mumewe, Okwir, alikuwa polisi wa cheo cha chini, wa kusimama mvuani wakati wakubwa wako garini. Alipokufa kwa ugonjwa wa kifua, Acen aliambiwa aondoke katika nyumba za polisi. Chumba kile ni cha mwenye sare, na mwenye sare amekwenda. Waliomwambia walikuwa wapole sana. Walimsaidia hata kubeba godoro.

Kwa pesa za pole alizopewa, Acen alinunua kipande cha ardhi bondeni, karibu na mfereji wa maji ya mvua. Akajenga vyumba viwili vya matofali. Akaishi humo na Ayaa, bintiye mdogo.

Kazi yake ilikuwa odii. Alikaanga ufuta na karanga, akavisaga juu ya jiwe mpaka vikatoa mafuta, vikawa laini kama siagi. Watu wa kaskazini hupaka odii kwenye muhogo, au huunga nayo mboga. Wateja wake walikuwa wake wa polisi, jirani zake wa zamani. Alisema nao Kiswahili, kile cha nyumba za polisi, kisichogombana na mtu kwa sababu ya sarufi.

Siku moja, akiwa jiweni, walikuja wanaume wenye ndoo na brashi.

"Nyabo, sogea kidogo, tusikuchafue," alisema mmoja wao. Nyabo, kwa Kiganda, ni mama.

"Mnafanya nini?"

"Kazi."

"Kazi ya nani?"

"Ya ofisi, nyabo. Sogea."

Mwenye brashi akavuta mstari mmoja mnene, kutoka kona ya dirisha mpaka chini. Akavuta wa pili, ukaukata wa kwanza katikati. Rangi ikachuruzika kidogo.

Wewe ungedhani Acen alilia. Hakulia. Alifurahi. Na usicheke. Kwanza sikia kwa nini.

Acen alikulia kambini, kule Acholi, kaskazini mwa Uganda, wakati wa vita. Watu walitolewa vijijini kwao wakasongamanishwa mahali pamoja. Walikatazwa kwenda mashambani. Chakula kilikuja kwa lori, kikija. Na kabla ya lori walipita watu wenye chaki, kibanda kwa kibanda. Mlango wenye alama, wenyewe wamehesabiwa, watakula. Mlango usio na alama, shauri yao.

Siku moja mama yake Acen, aliyeitwa Amito, alikuwa kwenye foleni ya maji na watoto wake. Watu wa chaki wakakuta mlango umefungwa. Wakapita. Lori lilipokuja, Amito alirudi nyumbani na gunia tupu. Mdogo wake Acen, Abalo, alikuwa bado ananyonya, na maziwa ya mama yalikauka. Walimzika nyuma ya vibanda, pamoja na watoto wengine wengi ambao hakuna aliyeandika majina yao popote. Wakubwa wa nchi hii wamesahau. Wana mambo mengi. Acen hakusahau.

Somo alilotoka nalo kambini ni hili: watu wa alama wakija, wakukute nyumbani.

Na leo walimkuta. Aliingia ndani mbio, akaleta muhogo wa kuchemsha na bakuli la odii.

"Kuleni, wanangu. Jua ni kali."

Walikula. Mmoja wao hakuinua macho tangu tonge la kwanza hadi la mwisho. Mwenye brashi alijifuta mdomo, akasema, "Asante, mama. Mungu akubariki." Wakabeba ndoo, wakaenda.

Walikula chakula chake, na hawakumwambia.

Ayaa aliporudi kutoka shule, alisimama mbele ya ukuta na mkoba mgongoni.

"Mama, hiyo ni X."

"Ni nini?"

"X. Iko ukutani darasani. X ya zailofoni."

"Zailofoni ni mdudu gani?"

"Si mdudu. Ni mbao. Unazipiga na vijiti."

"Kwa nini ziandikwe kwetu?"

Ayaa alifikiri. "Sijui. Mwalimu hajafika huko."

Mvua zilianza. Acen alitafuta karatasi la nailoni, akalipigilia juu ya alama ile ili rangi isioshwe. Kila asubuhi alilifunua kidogo, akachungulia, akalifunika tena. Watu walipita wakamwona akifanya hivyo. Walimu walipita. Makarani walipita. Wengine walitabasamu.

Jirani yake wa karibu alikuwa Ocaya, askari mstaafu, mtu wa kusoma gazeti mpaka matangazo ya vifo. Ukutani kwake pia palikuwa na X.

"Afande, na wewe wamekuandika?" Acen alimuuliza.

"Wameniandika."

"Mungu ni mwema."

Ocaya alikohoa. "Eh," akasema. "Mungu ni mwema." Akaingia ndani.

Baada ya muda Acen alimwona juu ya paa, aking'oa mabati.

"Unahama, afande?"

"Naezeka upya."

"Mvua hizi?"

"Ndiyo maana naezeka," alisema Ocaya, bila kumtazama.

Upande wa juu wa njia, palipoinuka, alikaa Huguette, Mkongo wa Bukavu. Kwao alikuwa mwalimu. Kampala anauza vitenge katika soko la Nakawa, na jioni anasuka nywele. Jirani walimwita Mama Guerschom, kwa jina la mwanawe. Wakati ule hakuwepo. Mama yake mzazi alikuwa mgonjwa huko Nakivale, katika makazi ya wakimbizi, naye alikuwa amekwenda kumuuguza.

Kila Acen alipopita, aliutazama mlango wa Huguette. Umefungwa. Hauna alama. Moyo wake ukamchoma. Ndivyo walivyoukuta mlango wa mama yake. Ndivyo walivyopita.

Akatafuta kipande cha tofali laini, lile linaloacha unga mwekundu. Akachora mistari miwili juu ya mlango wa Huguette, ikakatana katikati. Akarudi nyuma kuangalia. Mmoja ulikuwa umepinda. Akaufuta kwa kiganja, akauchora vizuri.

Huguette alirudi mchana, na mzigo kichwani. Alipoona mlango wake, alisimama. Akashusha mzigo polepole, akaukalia palepale njiani. Kwao, katika mtaa wake, mwaka aliokimbia, milango fulani iliwekwa alama mchana. Watu wa milango ile hawakuonekana tena. Mumewe alikuwa mmoja wao.

Acen alimwona kwa mbali, akaja anatabasamu.

"Mama Guerschom, karibu nyumbani. Mama anaendeleaje?"

"Nani ameandika hii?"

"Mimi."

"Wewe, Mama Ayaa?"

"Walikuruka. Walikuta umefunga. Nikasema, dada yangu hatakosa posho na mimi nipo."

"Posho gani? Nani aliniruka?"

"Watu wa kuhesabu. Njoo uone yangu. Yangu ina rangi nzuri, hii ni ya tofali tu."

Huguette alimfuata. Acen akafunua nailoni, kama mtu anayemfunua mtoto aliyelala. Huguette akaitazama X ile. Akautazama mfereji. Akaitazama nyumba ya Ocaya, imebaki kuta bila paa.

"Iko hapa tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua."

"Na hakuna mtu amekuambia?"

"Ameniambia nini?"

"Keti, mama."

"Niketi kwa nini? Mtu akiambiwa keti, kuna aliyekufa."

"Keti tu."

Acen alikaa kwenye jiwe lake la kusagia. Huguette akachutama mbele yake, akamshika mikono yote miwili.

"Hii si ya chakula. Mji huu ukitaka kuondoa nyumba, unaipaka hivi. Hii ni ya kubomoa."

Acen alicheka kidogo. "Hapana," akasema. "Hapana, Mama Guerschom. Wale vijana walikula odii yangu."

Huguette hakuiachia mikono yake.

"Walikula hapa. Nikawapa maji ya kunawa. Mtu hawezi kula kwako halafu..." Akageuka kuitazama alama, kisha akaitazama tena, kama mtu anayemkagua mgeni aliyelala kwake na kumbe ni mwizi.

Alilia, lakini si kwa sauti. Ayaa alikuja akasimama nyuma yake, akamshika bega.

Baadaye Acen alipangusa uso kwa kanga. "Mama Guerschom, wewe ni mwalimu. Hicho kitu ni nini hasa? Niambie chote. Kama kinaniua, nikijue kwa jina."

Huguette alichora X mavumbini kwa kidole.

"Ni herufi. Jina lake eksi. Ni ya zamani sana. Wagiriki wa kale walikuwa nayo. Upande mmoja wa nchi yao waliisoma kh, upande mwingine waliisoma ks. Warumi wakachukua ile ya ks, wakaifanya pia namba kumi. Ndiyo maana unaiona kwenye saa nyingine za ukutani."

"Na huku ilifikaje?"

"Wazungu wa dini walikuja na kapu lao la herufi. Waliandika Kiacholi, Kiganda, Kiswahili. Hii hawakuipatia kazi. Sauti yake, k na s, Mswahili akiitaka anaiandika kwa herufi mbili. Teksi. Boksi. Eksirei."

"Eksirei? Ile ya kifua cha baba Ayaa?"

"Ileile. Mtaalamu mmoja Mjerumani aligundua mwali unaopita ndani ya mwili. Hakujua ni mwali gani. Katika hesabu, kitu usichokijua unakiita X. Akauita hivyo, jina likabaki."

Acen alitikisa kichwa. "Kwa hiyo hata wao hawakujua."

"Baadaye walijua."

"Baadaye," alisema Acen.

"Mwalimu, zailofoni nayo?" Ayaa aliuliza. "Mbona hatusemi ksailofoni?"

"Hapo inasema z. Waingereza ndivyo wanavyoisoma ikianza neno. Na hizo mbao, mwanangu, Waganda wanazo tangu zamani, wanaziita amadinda. Lakini ukutani darasani kwako wameandika la Kiingereza." Huguette alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Na kusini kabisa mwa Afrika kuna Waxhosa. Wao X yao hailii ks wala z. Vuta ubavu wa ulimi kutoka kwenye magego. Hivi."

Akatoa mlio, tlk. Ayaa akajaribu. Akajaribu tena. Acen alimwangalia bintiye akichezea kile kitu mdomoni, naye hakumkataza.

"Na kwetu Bukavu," Huguette aliendelea, "tulisoma Kifaransa. Huko mara nyingi X inakaa mwisho wa neno, kimya. Neno lao la amani linaandikwa na X mwishoni. Ukilisoma, huisikii."

"Hata ukutani kwangu haikusema kitu," alisema Acen. "Lakini kama katika maneno yetu haina kazi, imekuja kutafuta nini?"

"Ina kazi nyingine, mama, na hizo hazihitaji lugha. Mwalimu anaiweka kwenye hesabu uliyokosa. Ramani inaonyesha mahali kwa alama hiyo. Na mtu asiyejua kuandika, zamani aliambiwa aiweke chini ya karatasi iwe sahihi yake. Machifu wa kwetu waliletewa karatasi za Wazungu, wakaambiwa, weka hapa mistari miwili. Asubuhi walikuwa wenye nchi. Jioni walikuwa wapangaji."

Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Hapo wahenga walikosea, na wenye vyeo wamelishika kosa hilo kama haki yao. Asiyejua maana ndiye wa kuambiwa. Tena wa kwanza.

"Sasa nifanye nini?" Acen aliuliza. "Niifute?"

"Usiiguse. Wanaobomoa wanafuata mchoro wa mhandisi, na mchoro huwezi kuufuta. Kesho tunakwenda kwa mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa. Hatuendi wawili, tunakwenda wote wenye alama. Tutamuuliza nani ametuma, kwa sababu gani, siku gani, na malalamiko yanapelekwa wapi. Chukua mkataba wako wa ardhi. Unao?"

"Ninao. Uko chini ya godoro."

Usiku huo Huguette alifuta ile ya tofali mlangoni kwake. Acen alimshikia taa. "Nisamehe," alisema Acen. "Ulinipenda," alisema Huguette. "Shika taa vizuri."

Si wote waliokuja kesho yake. Mugisho, fundi cherehani, naye Mkongo, alikataa. Yeye alikuwa ameipaka X yake chokaa tangu zamani.

"Alama haipo, kesi haipo," aliwaambia. "Nyinyi nendeni mkajishtaki."

"Kaka, chokaa haikuondoi kwenye mchoro," alisema Huguette.

"Mwalimu, wewe fundisha. Mimi nashona."

Mwenyekiti, aliyeitwa Odera, aliwakuta barazani kwake kabla hajamaliza chai.

"Mama, jambo hilo lilitangazwa," alisema.

"Wapi?"

"Kwenye ubao. Ofisini."

"Kwa lugha gani?"

"Kiingereza. Ndiyo lugha ya ofisi."

"Mwenyekiti," alisema Acen, "ulipotaka kura ulikuja mpaka jiweni kwangu na Kiswahili. Hata Kiacholi ulijaribu. Ulikisema vibaya, lakini ulikisema."

Watu walicheka. Odera hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Mfereji unapanuliwa," alisema, sasa kwa sauti ya mtu, si ya kiongozi. "Nyumba zilizo ndani ya mstari zinaondoka. Kulikuwa na muda wa kulalamika. Nafuna, yule wa duka la mkaa, alikwenda siku ileile aliyopakwa. Alibeba mkataba wake. Watu wa ofisi wakarudi na kamba, wakapima upya, wakakuta yuko nje ya mstari. Wakaifuta wenyewe."

"Na mimi?"

Odera alikisogeza kikombe. "Wewe, nilivyoona kwenye mchoro, mstari unapita chumba cha mbele. Cha nyuma, kama ungekuja mapema, pengine wangekiacha."

"Pengine."

"Pengine. Sasa muda wa malalamiko umekwisha. Wanakuja wiki hii."

Acen alikaa na neno hilo. Chumba cha nyuma ndimo alimolala Ayaa. Ndimo alimoweka kofia ya Okwir, kwenye msumari. Nyumba ile haikuondolewa na mfereji peke yake. Iliondolewa na midomo iliyofungwa. Siku yoyote ya mvua zile, kama mtu mmoja angefungua mdomo, chumba kile pengine kingekuwa kimesimama mpaka leo.

Huguette ndiye aliyesema. "Basi piga simu, mwenyekiti. Wakutajie siku yenyewe, tusikie sote. Halafu uwaambie hawa watabomoa wenyewe, wasivunjiwe mabati na milango."

Odera alipiga simu mbele yao. Akabishana. Akapata siku moja ya ziada. Halafu, bila kuambiwa, akatoka akapita nyumba kwa nyumba, akaitangaza siku hiyo kwa Kiswahili na Kiganda. Angeweza kufanya hivyo tangu mwanzo.

Walibomoa kwa mikono yao. Wake wa polisi walikuja na nyundo, vitambaa vichwani. Ocaya alikuja pia, na ngazi begani. Acen alimtazama.

"Afande, umemaliza kuezeka?"

Ocaya aliegemeza ngazi. "Nilijua," akasema.

"Najua ulijua."

"Sikutaka kuwa mimi wa kukuletea habari mbaya, mjane wa watu."

"Habari mbaya ilikuwa imeshafika. Ilikuwa ukutani. Wewe ulininyima tafsiri tu."

Mzee alipanda ngazi. Alifanya kazi mpaka jioni na hakuomba hata maji. Bati moja lilimkata kiganjani. Acen alimfunga kitambaa, kwa sababu ni Acen. Lakini hakumwambia amesamehe, na mimi sitakudanganya kwamba alimwambia.

Mabati yalishushwa mazima. Milango ikatoka na fremu zake. Matofali waliyapanga upande wa juu, kwa Huguette. Acen aliitoa kofia ya Okwir mwenyewe, na msumari wake.

Tingatinga lilikuja asubuhi. Kwa Acen lilikuta msingi na ukuta mmoja tu, ule wa X, ambao hakuna aliyetaka kuugusa. Uliangushwa kwa mara moja. Kisha likaenda kwa Mugisho. Chokaa yake ilikuwa nyeupe kabisa. Kijana mwenye mchoro alitazama karatasi, akaonyesha kwa kidole. Mugisho alikimbia mbele akipunga mikono. Walimpa nafasi ya kutoa watu, hawakumpa ya kutoa vyombo. Cherehani yake ilibaki chini ya ukuta. Waliifukua baadaye, gurudumu limejikunja.

Sasa Acen amepanga chumba huko juu, karibu na Huguette. Ni kimoja. Paa ni la mwenye nyumba. Mabati yake na matofali yake yanangoja kiwanja, na kiwanja hakijapatikana. Bado anasaga odii. Ayaa hulala kichwa chake kikiwa karibu na jiwe.

Lakini kila Jumamosi mchana, soko likipoa, wanawake hukaa kwenye kibanda cha vitenge cha Huguette, na Huguette huwafundisha kusoma. Waliandika majina yao kwanza. Mugisho naye huja. Hukaa nyuma kabisa, hamwambii mtu chochote, anaandika. Na kila mmoja wao akiona maandishi asiyoyaelewa popote, ukutani, mlangoni, kwenye nguzo, huja kuuliza kabla hajalala. Wanapita pia kwa majirani wasioweza kuja.

Baada ya miezi, wenye ndoo walirudi, mtaa wa pili. Acen aliitwa. Alikwenda na mikono yake ya mafuta.

"Nani amewatuma?"

"Ofisi, nyabo."

"Ofisi gani? Sababu gani? Siku gani? Malalamiko yanapelekwa wapi, na mwisho lini? Utawaambia hawa kwa Kiswahili, mwanangu, kisha utapaka."

Mwenye brashi alimtambua. Alishusha ndoo. Akasema yote, moja baada ya jingine, na wenye nyumba wakasikia. Kesho yake walikwenda ofisini pamoja, na mikataba yao. Wawili waliongezewa muda wa kuhama. Mmoja alipimwa upya, na chumba chake cha nyuma kikaachwa.

Walipomletea Acen habari hiyo, hakucheka wala hakupiga vigelegele. Alisema, "Cha nyuma kimebaki. Vizuri." Akashika jiwe, akaendelea kusaga. Machozi yalimdondoka na hakuyafuta, maana mikono ilikuwa na mafuta.

Sasa ni zamu yako. Umesoma mpaka hapa, kwa hiyo kusoma unajua, na huwezi tena kujificha. Katika njia unayopita kila siku kuna ukuta ulioandikwa, na nyuma yake kuna mtu ambaye hajaambiwa. Usiseme ni kazi ya mwenyekiti. Usiseme utamwambia kesho. Kesho ndiyo iliyokula chumba cha Ayaa. Weka kitabu hiki chini. Vaa viatu. Nenda kabla jua halijazama, bisha hodi, na useme: "Mama, shikamoo. Hiki kilichoandikwa kwako, maana yake ni hii."

Inuka. Bado umekaa.